Grafu ya Jaliah

Kabla Jaliah hajaja, sifa zote zilikuwa za Nangila. Kwa miaka mingi alikuwa ameinamia hadubini katika maabara moja mjini Mbale, akitazama vimelea vya malaria ndani ya chembe za damu. Basi Daktari Kirunda alipoanzisha kozi ya kueleza maisha ya chembe hizo kwa hesabu na kompyuta, jina la Nangila ndilo lililoandikwa kwanza.

Kisha akaja Jaliah kutoka Nakaloke, mwalimu wa hesabu ambaye hakuwa amewahi kuona kimelea hata kimoja. Haikupita muda, milinganyo ikawa inamtii. Grafu ya Nangila, ya idadi ya vimelea baada ya dawa, iliteremka hadi ikapita sifuri, mgonjwa akabaki na vimelea pungufu ya hakuna, na darasa likaangua kicheko. Ya Jaliah ilishuka polepole, laini.

"Tazameni kazi hii," Daktari akasema.

Nangila alitazama, kisha akaifunga kompyuta yake.

"Dada, nikusaidie yako?" Jaliah alimnong'oneza.

"Asante. Nitaweza."

Jioni moja, nyumbani kwake Malukhu, Nangila aliifungua modeli ya Jaliah, yaani ile milinganyo iliyochora grafu yake, akitafuta kosa, na kweli akalipata. Jaliah alichukulia kwamba dawa waliyokuwa wakiichunguza huua vimelea vyote sawasawa. Nangila alikuwa ameona kwa macho yake kwamba vimelea vichanga husalimika. Vinavyokufa ni vilivyokomaa. Neno moja lingetosha. Akalimeza mpaka siku ya safari ya Jinja, walikokwenda kuonyesha kazi zao mbele ya watafiti.

Katika ukumbi wa shule moja ya Mpumudde, Jaliah alipomaliza tu, Nangila akasimama.

"Bi Jaliah, umewahi kuiona damu ya mgonjwa aliyepewa dawa hii?"

"Sijawahi."

"Ndiyo maana. Vimelea vichanga haviuawi nayo. Modeli yako inaua visivyokufa."

Watu wakageuka kumtazama Jaliah. Nangila akaona raha kifuani, raha tamu mno.

Lakini Jaliah hakuinamisha uso. "Huchukua muda gani kukomaa?"

"Kama siku moja hivi."

Jaliah akageukia kompyuta, akavigawa vimelea makundi mawili, vichanga na vilivyokomaa, akakokotoa upya. Mstari ukashuka, ukasitasita, ukashuka tena. Nukta za vipimo vya wagonjwa, ambazo mwanzoni zilikuwa mbali nao, sasa zilikaa juu yake barabara. Mtafiti mwenyeji, Daktari Bhupendra, akapiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

"Makofi haya ni ya dada Nangila," Jaliah akasema.

Bhupendra akawaomba waendelee na kazi hiyo pamoja, kwa takwimu za wagonjwa wake.

Nje, Jaliah akamshika Nangila mkono. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Ukanyamaza ili uje uniumbue hapa?"

"Ndiyo. Nisamehe."

Jaliah akauachia mkono wake. "Nimekusamehe. Lakini imeniuma, dada."

Wakafanya kazi meza moja, na ripoti ikatoka na majina yote mawili, la Jaliah likitangulia. Nangila alipoliona, wivu ulimchoma upya. Tena sasa hakuionea wivu akili ya mwenzake tu, aliuonea wivu na ule moyo uliomwachia makofi yake mbele ya watu. Hata hivyo alivuta kiti, akaketi kando yake, akauliza, "Haya, leo tunaanza na nini?"