Masharti ya Kukaa na Meneja

Fundi wa mabango alikuwa na ugonjwa mmoja: chochote kilichotulia, alikipaka rangi. Ndoo, geti, mlango wa choo, banda la kuku ambalo halikuwa na kuku. Na kila alichokipaka alikiandika jina kwa herufi nyeupe zenye kivuli, ili kisipotee. Ngazi ya mlango wa nyuma iliandikwa NGAZI. Haijawahi kupotea, kwa hiyo huwezi kumwambia kitu.

Kobe alikuwa wa marehemu mkewe. Aliitwa Meneja, kwa sababu alichelewa kuamka, akawahi kulala, na hapo katikati hakuna aliyejua alifanya kazi gani. Mke alipokuwa hai alisema neno moja tu: "Paka vyote, bwana we, huyu niachie." Fundi akamwacha. Lakini mwaka ule alipofiwa, akaingiwa na woga. Kiumbe pekee alichoachiwa na mkewe, akitoka nje ya geti, nani atajua ni wa nani? Akampaka kijani kibichi, mgongoni akaandika MENEJA. Tangu hapo kila mwaka alimrudia, rangi juu ya rangi, mwaka wa tano huu.

Jumapili alimpaka tena. Jumatatu Meneja hakula. Jumanne hakula. Jumatano aliingiza kichwa ndani ya gamba akakataa hata ua jekundu, na ua jekundu hakuwahi kulikataa maishani mwake. Fundi alishikwa na hofu, na mwenye hofu hakosi wa kumlaumu. Wa kulaumiwa alikuwa papo hapo, ana miaka minne: mjukuu wake, aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya domo lake.

"Umempa nini Meneja?"

"Biskuti."

"Ngapi?"

"Yake moja na yangu moja. Ya kwangu pia kaila yeye."

"Na nini tena?"

"Nimemwogesha kwa sabuni ya vyombo. Halafu nikambeba akaangalie televisheni. Halafu nikambusu mdomoni."

Jamani, hata polisi hawapati maungamo mepesi namna hiyo.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," babu akasema. "Nenda kakae kwenye ngazi."

Chiriku akaenda, akakaa juu ya herufi, akalia kwa sauti iliyofika kwa majirani wa nyumba ya tatu. Fundi naye akachukua brashi, akaandika ukutani:

USIMBEBE, ATAANGUKA.
USIMPE BISKUTI.
USIMWOGESHE KWA SABUNI.
USIMBUSU. UKIMGUSA, NAWA MIKONO.

Na chini, kwa rangi nyekundu: CHIRIKU ASIMKARIBIE. Herufi safi kabisa, za kumwonya mtoto asiyejua kusoma.

Alhamisi akaja daktari wa mifugo, binti mwenye buti za mvua na maneno machache. Alisoma ukuta mzima kabla hajafungua begi.

"Masharti mazuri. Nani kaandika?"

"Mimi," fundi akasema, kifua mbele.

Daktari akamwinua Meneja kwa mikono miwili, akakwaruza mgongo kwa ukucha, akanusa.

"Na hii nani kapaka?"

Fundi akatazama banda la kuku.

"Gamba si bati, mzee wangu," daktari akasema. "Ni mwili wake, linahitaji jua. Umemziba, na hii ya juzi imemlewesha kwa harufu. Biskuti si chakula chake, na sabuni asiione tena. Lakini mtoto hakumfunga mdomo. Ni rangi."

"Atapona?"

"Siahidi. Ibandue pole pole kwa mswaki mkuukuu, kila siku kidogo. Mafuta ya taa usiyaguse."

Nyani haoni kundule. Fundi alimsindikiza daktari hadi getini, akarudi, akaufuta mstari mwekundu. Mahali pake akaandika mwingine.

Asubuhi Chiriku, aliyekwisha kusomewa mistari mingine yote, akasimama mbele ya ukuta. "Hii mpya inasemaje?"

"Inasema, babu asimpake rangi."

"Nani kakukataza?"

"Bibi yako. Zamani."

"Hukusikia?"

"Sikusikia."

Chiriku akafikiri. "Basi nenda kakae kwenye ngazi."

Fundi akaenda akakaa, na mswaki wake, na Meneja juu ya gazeti. Alikaa hapo siku sita, akibandua vipande vidogo kama maganda ya kitunguu, na Chiriku pembeni akimweleza Meneja yaliyompita kwenye televisheni. Siku ya sita, herufi ya mwisho ilipotoka, shingo ikajitokeza taratibu, ikanyooka juani, na Meneja akauma ua jekundu. Akatafuna kwa makelele, bila haya.

Fundi alilia waziwazi, mtu mzima, mbele ya kobe. Akainua mkono ajifute machozi.

Chiriku akaudaka. "Nawa kwanza."