Dakika Ishirini na Tano

Gad aliisikia fimbo kwanza. Iligonga ngazi ya juu ya basi, ikanyamaza, ikagonga ya pili, na abiria waliobanana mlangoni wakaanza kumpisha mtu ambaye yeye bado hakumwona. Claudette, dada yake, hakuwa amemwambia habari ya fimbo.

Gad alikuwa hapo kituoni Gisenyi tangu saa nne asubuhi. Claudette alimpigia simu kwamba mama yao amepanda basi la saa mbili kutoka Kamembe, aende kumpokea, na Gad akapiga hesabu kwa namna yake. Miaka tisa alikuwa amepakia mizigo katika kiwanja cha ndege cha Goma, akivuka mpaka kwa miguu kila asubuhi kutoka mtaani kwake Mbugangari, hapo Gisenyi, na kila umbali aliujua kwa ndege. Ndege ndogo ikiondoka kwenda kiwanja cha Kamembe, redio ya kiwanjani ilitangaza kuwa imetua hata chai yake hajaimaliza. Dakika ishirini na tano. Basi, hata liwe zembe namna gani, lingehitaji saa mbili.

Adhuhuri alimwuliza Mbonigaba, mkata tiketi, kama gari limeharibika. Mbonigaba alimkodolea macho, kisha akamweleza kwamba ndege inakata juu ya ziwa lakini barabara inalifuata ghuba kwa ghuba, kilima kwa kilima, na hayo ni masaa sita dereva akiwa na haraka. Makondakta wakamcheka, wakamwita mutu ya ndege. Siku nyingine Gad angewarudishia maneno makali kuliko yao, maana hakuwa mtu wa kuchekwa. Siku hiyo alikaa kwenye ukingo wa saruji, akaendelea kungoja.

Miaka mitatu Claudette alikuwa akimwita. Macho ya mama yanafifia, alisema, anataka kuuona uso wako angali anaweza. Na kila mara Gad alijibu vilevile: "Mi niko karibu. Dakika makumi mbili na tano tu."

Rubani mmoja alikuwa amemwahidi kiti cha bure. Gad alitaka majirani wa Kamembe wamwone akishuka kwenye ndege na shati jeupe, si akitoka ndani ya basi amejaa vumbi. Shati alilinunua, akalitundika. Kisha vita vikaingia Goma, kiwanja kikafungwa, rubani akapotea, na Gad akawa anapakia magunia ya viazi Mbugangari. Hata hapo aliendelea kungoja kiwanja kifunguliwe. Basi la Kamembe lilikuwa likiondoka kila siku, mita mia mbili kutoka alipobebea magunia.

Mama yake, Mukamusoni, akashuka ngazi ya mwisho. Macho yake yalikuwa wazi, yakitazama juu ya bega la mwanawe. Fimbo ikagusa kiatu cha Gad.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Akaupandisha mkono, akampapasa paji la uso, shavu, kidevu. "Umeota ndevu," alisema. "Hakuna mutu aliniambia." Akacheka kidogo. "Ndege yako imechelewa sana, Gad. Nikasema nipande basi, labda tutakutana mu njia."

Gad alimwuliza ni tangu lini haoni. Tangu Pasaka, mama akasema, na Pasaka ilikuwa imepita miezi miwili. Krismasi, mama angali anaona, Claudette alikuwa amepiga simu mara tano.

Mama alisema njia nzima abiria walikuwa wakiambiana watazame ziwa, naye kila mara aligeuza kichwa, bila kujua liko upande gani.

Gad akamshika mkono wenye fimbo.

"Jumapili tutarudi Kamembe sisi wawili, kwa basi. Mi nitakaa ku dirisha, na kila kona nitakuambia ziwa iko upande gani, na iko na rangi gani. Na kila mwezi nitakuja, mama, masaa yote sita. Nakuahidi."