Uzi wa Chini Ulipopanda Juu

Mabinti wa Hildegardi wa Kitura walipoolewa, kila mmoja aliondoka nyumbani na blanketi la viraka alilolishona mama yao kwa mkono. Milimani kule baridi ya mwezi wa sita haichezewi, na blanketi lile lilikuwa na tabaka tatu: juu viraka vya vitenge, katikati blanketi kuukuu, chini shuka nzito. Hildegardi alizishika tabaka hizo pamoja kwa uzi mweupe, sindano ikizama na kuibuka, ikiacha juu ya kitenge vidoa vidogo vyeupe vilivyofuatana. Alivipanga kwa miraba, kama ngolo, yale mashimo ya kilimo cha mteremkoni, yanavyoonekana ukiyatazama kutoka mlima wa pili.

Mara hii ilikuwa zamu ya Yuliana, kitinda mimba. Blanketi lake lilikuwa limefika nusu, mama yao akaanguka jikoni. Hospitali walisema ni kiharusi chepesi, na kweli ulimi ulirudi na miguu ikatembea, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito na vidole vikakataa kushika sindano. Wakati huo ndoa ilikuwa imeshaanza kutangazwa kanisani.

Binti mkubwa, Katarina, ni fundi cherehani huko chini ziwani, Lituhi. Alipopanda Kitura kumjulia hali mama yake, alimkuta amekaa uani, blanketi mapajani, mkono wa kushoto ukipapasa mahali mshono ulipoishia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri. Hili lichukue ukalimalize."

"Kwa mkono wangu? Mama, wewe unaujua mshono wangu wa mkono."

Hildegardi aliujua. Katarina alianza kukanyaga cherehani tangu msichana, na sindano ya mkono kwake ilikuwa ya kukazia vifungo tu. Mama akatazama mlimani.

"Basi tumia cherehani," alisema. "Ila lisije likafanana na suruali ya shule."

Katarina aliteremka nalo Lituhi, maneno hayo yakimzunguka kichwani. Hakuthubutu kuligusa blanketi lenyewe. Alichukua vipande vya vitenge, akaviwekea blanketi la zamani katikati na shuka chini, akapitisha mshono. Ukatoka mstari mmoja usiokatika, umekakamaa, uzi umelala juu ya kitambaa kama waya. Ilikuwa suruali ya shule hasa. Akarefusha mshono, akalegeza mguu wa cherehani ili kitambaa kinene kipite bila kujikunja, akabana tensheni, ile skrubu ya kukaza uzi wa juu, akailegeza, akaibana tena. Suruali ikabaki suruali. Akaviweka vile vipande kando na kurudi kwenye kazi za wateja.

Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa sketi nyeusi ya mwanakwaya. Katarina alitunga uzi mweusi juu, akasahau kwamba kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, umebaki ule mweupe wa majaribio, na kwamba tensheni ya juu ameiacha imebanwa. Alishona pindo zima akiwa anawaza mengine. Alipoiinua sketi aliona vidoa vyeupe vimejipanga juu ya kitambaa cheusi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila fundi anaijua aibu hiyo. Uzi wa juu ukikazwa kupita kiasi unauvuta ule wa chini, nao unachungulia juu kwenye kila tundu la sindano. Katarina alisonya, akachukua wembe afumue.

Wembe ukasimama hewani.

Aliisogeza sketi mbali na macho. Uzi mweusi ulikuwa umemezwa na kitambaa cheusi, hauonekani kabisa. Kilichoonekana ni vile vidoa tu, kidoa na nafasi, kidoa na nafasi. Alilifungua blanketi la mama yake, akalaza pindo la sketi kando ya mshono wa mkono. Vidoa vilifanana.

"Hebu ngoja," alijisemea kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kungoja.

Shida ilikuwa moja tu. Sketi ina rangi moja, lakini blanketi lina nyekundu, njano, buluu na kijani, kila kiraka na rangi yake. Uzi wa juu wa kufichika kwenye rangi zote hizo ungetoka wapi? Labda uzi usio na rangi yoyote. Katarina alijifunga khanga, akaacha mlango wazi, akaenda karibu anakimbia hadi dukani kwa Nasma.

Duka la Nasma lipo njia ya kwenda ufukweni, na ndani yake vitenge, zipu na vifungo vinakaa pamoja na ndoano na mishipi ya wavuvi. Nasma, ambaye humwita Katarina kwa jina la mwanawe wa kwanza, alimwona anahema.

"Mama Egidi, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nipe mshipi wako mwembamba kuliko wote. Ule mweupe unaopitisha mwanga."

"Leo unakwenda kuvua?"

"Nakwenda kushona."

Nasma alimtazama kama anayetafuta homa usoni mwake, kisha akampa. Katarina alirudi nao, akautunga kwenye cherehani, akakanyaga. Mshipi ulijiviringa, ukaruka nje ya njia yake, na sindano ikavunjika kwa mlio uliomfanya afumbe macho. Akaweka sindano nene zaidi. Nayo ikapinda. Mshipi ule ulikuwa mgumu mno, umezoea kuvuta samaki.

Alirudi dukani na sindano iliyovunjika mkononi. Safari hii Nasma hakutania. Aliishika ile sindano, akafikiri, akainama chini ya meza na kutoka na kibunda kidogo cha uzi wa kutungia shanga, wa nailoni, laini kama unywele. Ukiutazama juu ya kiganja unaona kiganja tu.

"Huu vipi?"

Katarina aliuvuta kati ya vidole viwili, akaukunja, ukakunjika. Alitabasamu bila kujibu.

"Basi nafunga duka," alisema Nasma. "Lazima nikaone."

Waliingia wote wawili kwa Katarina. Kwa kuwa uzi ule ulipenda kuruka, Katarina aliuweka ndani ya kikombe sakafuni uje ukipanda taratibu. Bobini akaijaza uzi mweupe wa mama yake, akaikaza tensheni ya juu, akaurefusha mshono, kisha akaweka kimoja cha vile vipande vya majaribio na kukanyaga polepole kuliko alivyowahi kukanyaga. Nasma aliinama hadi kilemba chake kikakaribia kugusa gurudumu. Kidoa kikatokea. Nafasi. Kidoa. Kwenye nyekundu kilikuwa cheupe, kwenye buluu cheupe, na kati ya kidoa na kidoa hapakuonekana kitu.

"Mama Egidi," Nasma alinong'ona, "hii ni sindano ya mkono."

Katarina alicheka mpaka mguu ukapoteza kanyagio. Alipitisha pasi juu ya kile kipande kwa furaha, nailoni ikayeyuka na mshono wote ukaachia, na hata hilo halikumvunja moyo. Alijua tu kwamba blanketi hili halitapigwa pasi ya moto. Siku ya pili alishona safu ya kwanza kwenye blanketi lenyewe, kuanzia pale mama alipoishia, na hakuweza kungoja zaidi. Alimpigia Yuliana simu amlete mama Lituhi.

Walifika kwa gari la jirani aliyekuwa anateremka kufuata dagaa. Hildegardi alikalishwa kibarazani, akaletewa blanketi. Alilitazama upande wa juu. Kidole chake cha kushoto kilitembea kwenye vidoa vyake mwenyewe, kikavuka, kikaendelea kwenye vya binti yake. Kisha mama akaligeuza blanketi chini juu. Upande ule uzi mweupe ulikwenda mstari mmoja usiokatika.

"Hii ni cherehani," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Huku chini nani ataangalia? Atakuwa Yuliana na mumewe, na hao watakuwa na mambo yao." Yuliana akajifunika uso kwa khanga. Mama aliligeuza tena. "Vidoa umevipata. Sijui umevipataje, lakini umevipata. Tatizo ni njia. Umeinyoosha kama barabara ya lami. Mimi miraba yangu haijawahi kunyooka."

Katarina alitazama na kuona kweli. Safu za mama zilijipinda kidogo, zikapanua kona, zikabana nyingine. Yake ilikwenda kama imepigwa rula.

"Basi nielekeze nipinde wapi."

"Hayo hayaelekezwi. Nisogezee kigoda."

Alikaa ubavuni mwa cherehani, akalaza kiganja cha kushoto juu ya kitambaa, mbele ya sindano. Katarina alikaa mahali pake na kuweka mguu kwenye kanyagio. Mwanzoni kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake. Mama akivuta, binti alikuwa amesimama. Binti akikanyaga, mama alikuwa bado anafikiri. Kitambaa kikakunjana na ikabidi wafumue.

"Usinikimbize," alisema Hildegardi.

"Sema twende, nitakwenda."

"Twende."

Wakaenda. Kiganja kilisukuma, kikazungusha, kikasita kwenye kona, na mguu ukajifunza kusita nacho. Vidoa vilitoka nyuma ya sindano vikiwa na mwendo ule ule wa siku zote, ule ambao Katarina aliulalia utoto wake mzima. Yuliana aliyeshika uzito wa blanketi upande wa pili alisahau kuliachia, ikabidi aguswe bega. Hildegardi hakuinua macho. Alikuwa anacheka kimyakimya, mabega yakitikisika.

"Twende, twende," alisema. "Mbona umesimama?"

Mama hakurudi Kitura wiki ile. Walishona kila siku mchana mpaka miraba ikakutana na ukingo.

Siku ya kumuaga Yuliana, wanawake walilitandaza blanketi mbele ya wageni kama desturi ya nyumba ile. Scolastika, dada yake Hildegardi, ambaye naye ni mshonaji, alikuwa amesikia habari za kiharusi. Alijisogeza, akavaa miwani, akafuata safu kwa kidole kutafuta mahali mkono wa mgonjwa ulipokoma. Alionyesha kona moja kwa uhakika. Kona hiyo ilikuwa imeshonwa mwaka uliopita, kabla ya ugonjwa.

"Nusu nimeshona kwa mkono wa kulia," Hildegardi alimwambia mbele ya watu wote, "na nusu kwa wa kushoto na mguu wa Katarina."

Scolastika alitaka aelezwe palepale, na wanawake wakasogeza viti. Katarina akaanza na sketi ya mwanakwaya. Nasma, aliyepanda na wageni wa Lituhi, akadakia habari za mshipi na sindano iliyovunjika, na kila mmoja akimkatiza mwenzake ilichukua muda kufika kwenye uzi wa shanga.

Baada ya harusi Hildegardi alishuka tena ziwani na furushi lake la nguo. Alisema ni kwa sababu ya joto, linausaidia mkono. Lakini asubuhi iliyofuata Katarina alimkuta amesimama dukani kwa Nasma, ametenga vitenge vya buluu peke yao na vya kijani peke yao.

"Miraba nimechoka nayo," alisema mama. "Blanketi hili jipya tulishone kwa mawimbi. Umeshafungua cherehani?"