Picha za Hina ya Nihal

Kwenye shughuli ya hina, Tanga hii, simu za wanawake huishia mlangoni. Mwenye shughuli anaweka beseni, kila anayeingia anatumbukiza yake, ndipo anavua baibui na kuachia nywele. Inayoingia ndani ni moja tu, nayo ni yangu. Mimi ndiye mchoraji wa hina na mimi ndiye mpiga picha, na kabla sijapiga ya kwanza husimama katikati ya ukumbi nikaapa mbele ya wote kwamba picha hizi hazitaonwa na jicho la mwanamume. Huu mwaka wa tisa. Kwa ajili ya kiapo hicho sikuwahi kuwasha hata ile huduma ya kutunza picha mtandaoni, maana sijui huko mtandaoni anakaa nani.

Basi mnielewe nilivyokuwa Alhamisi ile, nyumbani kwa bi Shemsa kule Chumbageni, nilipotia mkono kwenye kikapu changu nikakuta piko ya kuchorea, nikakuta vijiti, nikakuta limau, simu hakuna. Ilikuwa hina ya binti yake, Nihal. Nilikuwa nimeshapiga picha mia tatu na ushei, wanawake vichwa wazi, mabega wazi, wanacheza wanavyotaka kwa kuwa wako wenyewe kwa wenyewe. Nilipekua kikapu mara nne. Kisha nikawapekua wageni kwa macho, mmoja mmoja, wala sioni haya kulisema. Mlango ule mwanamume hapiti, kwa hiyo aliyeichukua alikuwa mmoja wetu.

Shoga yangu Semeni anauza kava na chaja Ngamiani, barabara ya nane. Magharibi haijaadhiniwa nilikuwa kibandani kwake, nikaingia kwenye akaunti yangu kwa simu yake. Ramani ikafunguka. Simu yangu iko Chumbageni, nyumba ile ile niliyotoka, chaji asilimia kumi na tisa. Chini ya ramani palikuwa na vitufe vitatu: cha kuiliza, cha kuifunga, na cha kufuta kila kilichomo. Semeni akataka kubonyeza cha tatu hapo hapo, nikamshika mkono. Niliifunga tu, na kwenye kioo nikaandika: Simu hii ni ya Thuwaiba binti Ame. Ndani mna amana za watu.

Watu wameniuliza kwa nini sikufuta siku ile ile. Nawajua watu wa mji huu. Ningefuta, asubuhi yake ningesikia kwamba mle mlikuwa na uchafu, ndiyo maana. Tena zile picha zilikuwa za Nihal, hazikuwa zangu, na bibi harusi hapambwi mara mbili. Na kichwa changu ni kigumu, mama yangu alishasema hilo nikiwa bado nanyonya.

Ijumaa asubuhi tukatazama tena. Simu pale pale, chaji asilimia mia. Nilikaa kwenye kigoda cha Semeni nikacheka kwa hasira. Mwizi wa simu kitu cha kwanza anachong'oa ni laini. Huyu laini kaiacha, bando langu kaliacha linakwenda, na juu ya hayo ameitia chaji usiku kucha, utadhani anamlisha mgonjwa uji. Huyo hakuitaka simu. Alitaka kilichomo, naye alikuwa akiitunza isizime mpaka apate wa kumfungulia.

Nilimpigia bi Shemsa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza kwa adabu zote kwamba simu yangu imo nyumbani mwake. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniudhi. Alisema harusi ni kesho, wageni wameshajaa, fedheha haifai, atamwambia mwanawe aninunulie nyingine mpya yenye kamera nzuri kuliko ile. Akamalizia, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite." Nilimwambia kombe ni langu, lakini kilichomo ndani ni cha wenzangu, naye akiwa mmoja wao. Akakata simu.

Haikupita saa moja akaja Mwanamwema kunitafuta kibandani. Huyu ni mke wa Wael, kaka yake Nihal, mtoto mkubwa wa bi Shemsa. Ni msichana mpole wa Maramba, hata kicheko chake hukiziba kwa kiganja. Alikuwa amembeba binti yake kiunoni, jasho linamtoka, akaanza kusema kabla hajakaa. Simu iliondoka ukumbini chini ya mtandio wa bi Shemsa, ikaenda kwa Wael. Bi Shemsa alikuwa amemwambia mwanawe kwamba tangu alasiri hadi karibu na magharibi hakumwona mkewe kwenye hina. Mwanamwema alijibu kwamba alikuwa uani na wapishi. Sasa Wael anataka kuzipitia picha zote, saa baada ya saa, amtafute mkewe mle.

"Hutaniona humo, Da Thuwaiba," alisema. "Picha zikifunguka naachwa leo hii, na mtoto anabaki kwao. Ameshaniambia. Zifute, nakuomba."

Akafungua mdomo kunieleza alikokuwa, nikamzuia. Nilimwambia nikijua nitaulizwa, na nikiulizwa mimi si hodari wa kusema uongo. Mpaka leo sijui Mwanamwema alikuwa wapi saa zile, na atakayeniletea habari hiyo nitamfukuza mlangoni.

Kufuta wakati ule ilikuwa ni kumchinja. Mke ametoka nyumbani asubuhi, picha zimetoweka mchana, hata mtoto wa chekechea angejumlisha. Nikamwambia arudi, aoge, apike, akae kama mwanamke asiye na neno, mengine aniachie mimi. Alipoondoka nikarudi kwenye ramani. Nilikuwa naogopa, nasema kweli, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Watu wawili wazima wameiba simu ya fundi hina ili wamhukumu mtoto wa mwenzao, na anayeambiwa anyamaze ni mimi.

Sala ya Ijumaa ilipotoka, Semeni akaniita. Simu ilikuwa inatembea. Alama ilitoka Chumbageni, ikavuka reli, ikaingia Ngamiani kwetu, ikasimama barabara ya kumi na mbili. Hapo kila mtu anajua yuko nani: fundi Edgar, ambaye hakuna simu inayomshinda kufungua. Nilitia miguu kwenye ndara za Semeni, maana zangu sikuziona, nikaenda na simu yake mkononi. Yeye akafunga kibanda akanifuata mbio.

Barabara ilikuwa nyeupe kwa kanzu. Wael alikuwa ameegemea meza ya Edgar, na Edgar ameishika simu yangu, anamwonesha maandishi kwenye kioo, anamuuliza huyu Thuwaiba ni nani. Wael anamjibu kwamba hiyo ni simu ya nyumbani, afungue tu. Nikasimama nyuma yao, nikabonyeza kitufe cha kwanza.

Kama hujawahi kuisikia, ile sauti haijali kwamba simu imezimwa mlio. Inalia kwa nguvu zake zote. Edgar aliiachia mezani kama kaa la moto. Wael akaidaka, akaikandamiza kwenye kanzu yake, ikazidi kulia kifuani pake. Waliokuwa wakipita wakasimama.

"Hiyo inayolia ni yangu," nilisema.

Hakunipigia kelele. Alinigeukia na macho mekundu, kijana hakuwa amelala, na kwa muda mfupi nilimwonea huruma. Akaniambia, mbele ya watu, kwamba atanipa simu yangu sasa hivi nikimfanyia jambo moja.

"Fungua. Nataka kuona kitu kimoja tu. Mke wangu yumo au hayumo."

Nilimjibu kwamba nimeapa. Akasema basi nisifungue, nitamke tu kwa mdomo wangu kama alikuwepo.

"Sisemi alikuwepo, sisemi hakuwepo," nilimwambia. "Waliomo ni amana, na wasiomo ni amana."

Mzee mmoja mwenye bakora akaingilia. Alisema kwa upole kwamba si vibaya nikimwonesha kijana moyo wake ukatulia, mume ana haki ya kujua. Wengine wakaitikia. Nikaona ni yale yale ya bi Shemsa. Mmoja ananiambia nifunike, mwingine ananiambia nifunue, na wote wananiita mwanangu. Nilimwamkia yule mzee, nikamwambia kwamba huenda humo mna mke wake pia, na binti zake, vichwa wazi, je niwafungulie na wao hapa barabarani? Akatazama bakora yake.

Wael alimrudishia Edgar simu akamwambia aendelee. Edgar alinitazama mimi, akamtazama Wael ambaye ni mteja wake wa siku nyingi, akavuta waya.

Nikainyanyua simu ya Semeni juu wote waione, kidole kiko juu ya kitufe cha tatu.

Wael akaelewa. "Ukifuta," alisema, "nitajua hakuwepo."

"Utajua nini? Mama yako yumo humu, anacheza. Dada yako yumo, hina mbichi mikononi. Nikibonyeza hapa wanatoka wote. Mkeo alikuwepo kama mama yako alivyokuwepo. Ushahidi ni ule ule."

Nikabonyeza.

Simu ikajizima mkononi mwa Edgar, ikawaka tena, inauliza lugha kama iliyotoka dukani jana. Edgar akamwambia Wael kwamba imekwisha, hakuna anachoweza kukirudisha, tena bila akaunti ya mwenyewe haitamfaa mtu yeyote. Wael alikisoma kioo mwenyewe. Angetaka kutamka talaka angeitamka, watu walikuwepo wa kusikia, lakini hakuwa na pa kuitundika. Aliichukua simu, akaiweka mezani mbele yangu taratibu, akaondoka akiinamisha kichwa katikati ya wanaume wenzake.

Niliingia nyuma ya kibanda cha Edgar nikalia. Nililia kwa ajili ya miaka tisa. Mabibi harusi wangu wote walikuwa mle, mikono ile niliyoichora mpaka mgongo ukaniuma, na hina ya binti yangu mwenyewe, aliyeolewa Pangani. Sikujuta, lakini nililia, na Semeni alikaa chini mchangani karibu yangu bila kuniambia ninyamaze.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Chumbageni kumwambia Nihal. Nilijua habari zimeshafika, lakini deni la maneno halilipwi na mtu mwingine. Nilimkuta kitandani amejifunga kanga, piko imekolea mikononi mwake mpaka nikajisikia fahari na uchungu kwa pamoja. Nikamwambia kwamba picha ya hina yake haikubaki hata moja, na kwamba ningerudishwa jana ningefanya vile vile.

Aliigeuza mikono yake akaitazama. Kisha akaniuliza kama kamera ya simu bado inafanya kazi. Nikasema inafanya.

Akainuka, akatokea ukumbini, akawaita wanawake wa nyumba na wageni wote waliolala pale. Akatuma na kwa majirani. Aliwaambia kila mtu avae nguo yake ya Alhamisi. Wapo waliolalamika kwamba watachelewa kupika, na shangazi yake mmoja alikuwa ameshaifua yake, akaivaa mbichi. Ukumbi ulijaa. Wakajipanga kama walivyokuwa, wengine wakabishana nani alikaa wapi.

Mwanamwema alikuwa amesimama kwenye korido na mtoto wake, hajui aingie au asiingie.

"Wifi," Nihal alimwita, kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "njoo mbele huku, kaa karibu yangu."

Akaja. Alivua mtandio njiani, akaachia nywele, akampakata mtoto, akakaa mkono wa kulia wa bibi harusi. Nikasimama katikati nikaapa upya, wakaniitikia.

Bi Shemsa alikuwa kwenye mlango wa jiko, amejifunika mpaka kidevuni. Alisema yeye picha hana haja nazo, tumalize tu, kuna wali unaungua. Hakuna aliyembembeleza. Niliinua simu, nikawaambia wanitazame, nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Kabla sijafika tatu bi Shemsa alivua mtandio wake, akapenya kwa viwiko mpaka mstari wa mbele, asije akawa yeye peke yake ambaye hakuwepo.