Komeo la Kukhu Musimbi

Daktari alikuwa msichana wa rika la binti yangu, jina lake Cherono, nami nilikuwa nimeapa sitamtajia habari za Kukhu. Kwetu Shinyalu bibi tunamwita Kukhu. Ningeeleza joto, nipewe dawa, niende zangu.

"Inanianzianga kifuani," nilisema. "Naungua, moyo unaenda mbio, halafu woga. Kama kuna mtu amesimama nyuma ya mlango."

"Mtu gani, mama?"

Watoto hawa na maswali yao. Nikajikuta nimeshasema.

"Kukhu Musimbi. Alikufa akiitwa mwendawazimu, kwa hivyo hakuna mtu alitaka kupea mtoto jina lake. Na mfu bila jina hatulii. Nimezaa wasichana watatu, na kila mara nilimruka. Sasa hedhi imeisha, daktari. Amekuja kudai jina na sina tena mtoto wa kumpea."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alinieleza kwamba hedhi inapokoma homoni hushuka, na joto lile, moyo kwenda mbio, hata huo woga, vyote huweza kutokana na hapo. Dawa zipo. Nikaanza kupumua vizuri.

"Na huyo bibi yako, huo wazimu ulikuwa wa namna gani?" aliuliza.

"Alikuwa anatokanga nje alfajiri, anavua nguo, anajimwagia maji. Analia bila sababu. Wakamfungia kwa jiko la zamani."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

Nilipiga hesabu. Hamsini na moja, sawa na mimi leo.

Cherono aliweka kalamu chini. Nilitamani sana Kukhu arudi kuwa mzimu. Mzimu ningemchinjia kuku, ningemwombea kanisani, yangeisha. Kumbe alikuwa mwanamke anayesikia joto, na mimi, mtoto wa miaka tisa, ndiye niliyempelekea uji kila asubuhi, kisha nikarudisha komeo. Alikuwa akiniambia kwa upole, mdomo kwenye ufa wa mlango, "Zipporah, wacha wazi kidogo. Naungua." Nami nilimjibu nilivyofundishwa, kwamba nimekatazwa.

Jasho likaanza tena, shingoni. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walipiga kelele, na daktari akainuka kufunga mlango ili tusikizane.

"Wacha wazi kidogo," nilimwambia. "Naungua."