Kiko Kimoja, Tumbaku Tatu

Baba yangu, Villads Bjerregaard, alikuwa na kiko kimoja na tumbaku za aina tatu, na mimi na mama tuliishi kwa kunusa.

Alipopinda kona akitoka machinjioni, moshi ulimtangulia. Mama aliacha dirisha la jikoni wazi hata kwenye baridi kali, kwa sababu hiyo tu. Tumbaku ya vanila ilimaanisha jioni ya amani: baba angemshukuru kwa chakula, angesoma Biblia kwa sauti na kuniwekea mkono kichwani. Ya cheri ilimaanisha tukae kimya na tusiangushe kitu. Ya ramu ilimaanisha mama afiche visu, na mimi nibaki na viatu miguuni nisije nikakimbilia uani peku.

Hakuwa mlevi. Aliokoka nilipokuwa na miaka saba, katika nyumba ya misheni hapa mjini Lemvig, na tangu siku hiyo hakugusa pombe. Lakini kiu haikuokoka pamoja naye. Ilipomshika alinunua tumbaku iliyolowekwa kwenye ramu, akaivuta amefumba macho, na kadiri alivyovuta ndivyo alivyokasirika kwamba haikuwa ramu yenyewe. Ndugu wa misheni walimsifu kwa ushindi wake. Mimi pia nilimshukuru Mungu kila siku kwamba baba hanywi. Nilishukuru hivyo nikiwa na jino lililovunjika.

Bi Overgaard, mwenye duka la tumbaku, alikwisha mwonya mbele yangu. Alimwambia kuwa tumbaku za manukato hazipatani, kila moja ipewe kiko chake, kwa sababu mti wa kiko hunywa harufu, na ule utando mweusi ndani yake huishika siku nyingi.

“Villads, hicho si chungu cha supu,” alisema. “Kama hutaki kununua kingine, basi kisugue kwa chumvi na spiriti.”

Baba alimjibu kwamba spiriti haiingii nyumbani kwake, hata ya kusugulia, na kwamba mwanamume ana Mungu mmoja, mke mmoja na kiko kimoja. Watu dukani walicheka. Ilikuwa siku ya cheri, naye akacheka nao.

Majira yale ya kuchipua nilikuwa na miaka kumi na saba. Barua ilikuja kutoka mji wa Aarhus, kwenye nyumba ya mashemasi wa kike, ambako wasichana hufundishwa uuguzi. Walinikubali. Walichotaka ni karatasi moja yenye sahihi ya baba, itiwe posta kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Lakini baba alikuwa amekwisha niombea nafasi machinjioni, chumba cha kusafishia utumbo, nianze Jumatatu ya wiki iliyofuata. Nilikiona kile chumba mara moja. Wanawake walisimama kwenye maji ya damu hadi vifundoni, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kunitazama.

Mama aliijaza ile karatasi kwa mkono wake, akaacha wazi mstari wa sahihi tu, akaificha chini ya karatasi za kutandikia droo. Tukaanza kungoja vanila.

Jumatatu ilikuwa ramu. Jumanne ramu. Jumatano alimrushia mama sahani ya viazi kwa sababu vilipoa, kisha akamwamuru aviokote na kuvila. Mama alipiga magoti akala. Mimi nilikuwa mlangoni na viatu vyangu. Nilisema moyoni Bwana, Bwana, sikupata neno la tatu.

Alhamisi ilikuwa Sikukuu ya Kupaa Bwana. Mhubiri mgeni alihubiri asubuhi, kisha ndugu wa misheni wakaja kwetu kunywa kahawa, na baba akawa mwenyeji mwema kuliko wote. Akavuta vanila tangu adhuhuri mpaka wageni walipoondoka. Kiko hakikupoa. Alikijaza tena na tena, akatania wazee, akamsifu mama kwa mkate wake mbele za watu. Nilimfuata mama jikoni nikamsihi alete karatasi sasa hivi.

“Leo ni siku ya Bwana,” alisema. “Siwezi kumwekea mtu karatasi za dunia mezani siku kama hii. Kesho, Ragnhild. Umeona alivyo. Itadumu mpaka kesho.”

Sikumlaumu wakati ule. Kwetu hata sindano haikushikwa siku takatifu.

Ijumaa tulikaa jikoni tangu saa tisa. Dirisha lilikuwa wazi. Saa kumi na nusu moshi ukaingia, mtamu, mzito, vanila tupu. Mama alinishika mkono akaubana. Alitoa karatasi kwenye droo, akaiweka mezani penye kiti cha baba, na kalamu ya wino kando yake, na kikombe cha kahawa, na siagi, ambayo siku za kazi hatukuiweka. Mimi nilivua viatu. Namshukuru Mungu kwa mambo mengi, lakini jambo hilo bado linanitia aibu, kwamba nilivua viatu kwa furaha.

Yaliyotokea kazini tulikuja kuyasikia baadaye. Baba alichoma nguruwe kisu cha shingo, ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini, na wenzake walikuwa na ndimi kali. Asubuhi ile kiko chake kilinuka bado manukato ya sikukuu. Msimamizi wake alisimama akavuta pua mbele ya mstari mzima.

“Jamani, nani kaleta keki?” alisema. “Aa, kumbe ni Villads. Tukuwekee na malai juu?”

Wakamwita Keki mpaka jioni. Alipotoka alipitia dukani, akanunua tumbaku ya ramu, akaishindilia juu ya ule utando wa vanila uliokuwa bado unanata. Ramu ndiyo iliyoungua. Kilichotangulia dirishani kwetu kilikuwa jasho la kiko kutoka jana.

Aliingia hakutusalimu. Alisimama mezani na koti lake, kiko mdomoni, akasoma. Mama alianza kumweleza kwa upole kuwa ni kazi ya kumtumikia Mungu, kwamba wagonjwa ni watu wa Bwana. Alipokuwa bado anazungumza, baba alipita karibu nami, na chini ya ule utamu nikainusa ramu. Nilitaka kumwambia mama. Hapakuwa na nafasi.

Alimpiga kwa buli la kahawa. Kahawa ilimwagika usoni na shingoni mwake, mvuke ukapanda, mama akaangukia kabati. Baba alimwinua kwa nywele akamsimamisha mbele ya droo iliyokuwa bado wazi.

“Nani kaandika hii?”

“Mimi,” mama alisema.

“Mkono upi?”

Mama hakuwahi kusema uongo juu ya jambo lake mwenyewe.

“Wa kulia.”

Aliuchukua mkono wa kulia, akautia ndani ya droo, akaisukuma droo kwa goti. Akaivuta. Akaisukuma tena. Mara ya pili nilisikia mifupa, na mama, ambaye hata kwenye kahawa ya moto hakulia, alitoa sauti ambayo sikujua kuwa mtu anayo. Baba hakuwa ametoa kiko mdomoni. Alivuta kidogo, akaivuta droo aisukume mara ya tatu.

Nilichukua kikaango cha chuma kutoka juu ya jiko. Kilikuwa kizito, nikakishika kwa mikono miwili. Sikuomba kabla ya kupiga. Nimeomba sana tangu hapo, lakini kila nikianza kutubu kikaango najikuta nimeitaja droo, na toba inaniharibikia.

Nilimpiga nyuma ya kichwa. Alianguka mbele, uso kwenye ukingo wa meza, na kiko kilikuwa katikati ya meno yake. Mrija ukapanda. Ulitoboa kaakaa, bakuli la kiko likapasuka kwenye meno, makaa yakamwagikia ulimi. Aligeuka chali sakafuni, akashika mdomo kwa mikono yote miwili, na damu ikapita katikati ya vidole. Alinitazama. Aliniona kweli, nadhani kwa mara ya kwanza, maana aliponiona nimeinua kikaango tena alijikunja, akafunika kichwa kwa viwiko. Hivyo ndivyo mimi na mama tulivyokuwa tukijikunja. Sikujua kwamba yeye pia anajua kufanya hivyo.

Nilikishusha kikaango. Nikavaa viatu, nikaenda kumwita daktari.

Hospitalini daktari aliufunga mkono wa mama, akasema vidole vitatu havitanyooka tena. Akauliza ilikuwaje. Mama, kwa mazoea ya miaka, alisema alianguka ngazini.

“Na mumeo?”

“Naye pia.”

“Bibi Bjerregaard,” daktari alisema, “mimi nimeingia nyumbani kwenu mara tatu. Nyumba ile haina ngazi.”



Jumamosi asubuhi Ndugu Thorvald, mzee wa misheni, alikuja kumwombea baba. Baba alikuwa amekaa kitandani, ulimi na kaakaa vimevimba, hawezi kusema neno. Muuguzi alimpa penseli na daftari. Thorvald alimwuliza kimetokea nini, naye akaandika: Nilianguka. Thorvald alilisoma lile neno, akamtazama mama na shingo yake iliyoungua, akanitazama mimi. Kwa upole akaniambia kwamba binti anapaswa kumwomba baba yake radhi, lolote lililopita.

Nikapiga magoti nikamwomba baba radhi. Nilimaanisha kwa kadiri nilivyoweza. Kisha nikasimama nikaweka ile karatasi juu ya daftari lake. Ilikuwa na madoa ya kahawa na damu, lakini mstari wa sahihi ulikuwa safi. Ilikuwa saa nne na robo.

Baba aliitazama karatasi, akamtazama Thorvald, nikaona anahesabu yale ninayoweza kumwambia mzee yule. Akaandika jina lake lote, vizuri, kwa herufi za shule.

Ningeweza kuondoka wakati ule. Kile nilichokitaka nilikuwa nimekishika mkononi. Lakini mama alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, mkono umening'inia kwenye kitambaa, na kwa mkono wa kushoto alikuwa tayari ameshika kijiko cha uji, anapoza, ili baba ale.

Nilifungua ukurasa mpya wa daftari.

“Baba,” nikasema, “sasa andika kwamba hutampiga tena.”

Thorvald alikohoa, akaniita jina langu. Baba alishika penseli. Aliiweka ncha kwenye karatasi, na ncha ikatoa nukta moja. Mama alikuwa ameacha kupoza uji. Niliomba wakati ule, nakumbuka, na sikuombea safari yangu. Niliomba baba aandike, hata kama ni uongo, kwa sababu nilijua kuwa mama angeupokea uongo huo na kuishi nao.

Baba alikuwa mtu wa misheni, na mbele ya mzee asingeweka sahihi kwenye ahadi aliyojua hataitimiza. Aliiweka penseli juu ya blanketi, polepole, akageuzia uso ukutani.

Mama aliitazama ile penseli. Kisha akaweka kijiko ndani ya bakuli, akampa Thorvald bakuli lote, akanigeukia.

“Nisaidie koti,” alisema. “Mkono huu haupiti.”