Vidonge Kwenye Pindo la Leso

Mwanga wa alasiri huingia kupitia vyuma vya dirisha, ukaanguka zuliani vipande vinne. Kipande cha tatu ndipo ninapoweka paji la uso. Ghorofa ya tatu hii, karibu na maduka ya Adams, ngazi zimenishinda tangu Ramadhani, hushushwa siku ya kliniki tu. Zulia hilo ndilo matembezi yangu.

Wewe kidonge cheupe, mdogo kuliko punje ya mchele, wewe ndiye uliyenifunga.

Cha sukari sina ugomvi nacho. Nyayo zawaka kama nimekanyaga majivu ya moto, vidole havijui tena kiatu na sakafu, nimezoea. Kile cha presha cha pinki kinanivimbisha vifundo. Hicho nacho, basi. Lakini wewe, wa mkojo. Natia udhu, waniita chooni. Narudi, natia tena, waniita tena. Nikifika zuliani, nikisujudu, nikiinuka, nyumba yote yazunguka nami ndani yake. Nashika hewa, na hewa haina mkono.

Sikusema. Ningesema, wangeniswalisha kitini. Marehemu mama alisujudu mpaka juma alilokufa.

Basi nikawa nakutia mdomoni mbele ya Zena, mke wa mwanangu, nakulaza chini ya ulimi. Akigeuka, nakufunga kwenye pindo la leso. Fundo la jana, fundo la leo. Kizunguzungu kikatulia. Nikasujudu, nikainuka, nikasujudu. Na presha ikapanda kimyakimya, kama maziwa jikoni mwenyewe amegeuka.

Kliniki, Daktari Kasyoki akatazama mashine, akanitazama mimi. Kila bibi kwake ni Shosho.

"Shosho, dawa unameza?"

"Nameza."

Akaniongezea kidonge cha nne. Uongo wangu mwenyewe, nikapewa na maji ya kuumezea.

Nikisema kweli, kiti. Nikinyamaza, kidonge. Wewe kidonge cheupe, umenifunga.

Jumamosi Zena akaroweka nguo. Ile leso nilikuwa nimeisahau kapuni. Nikasikia maji yamenyamaza bafuni. Akaja nayo yachuruzika, mafundo saba, na ndani ya kila fundo uji mweupe.

"Mama, umefungua duka la dawa na hukuniambia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaketi chini, akanishika mguu. Mkono wake niliuona, sikuuhisi.

"Ukianguka humu na mimi nipo, nimwambie nini mwanao?"



Jumatatu nilimweleza daktari mwenyewe, leso mkononi. Akakiondoa kile cha nne. Wewe akakuacha.

"Hii umeze ukiamka tu, usiruke hata siku moja. Na swala, Shosho, kiti."

"Mpaka lini?"

Akaandika. Kalamu yake ilikuwa na maneno mengi kuliko yeye.

Alasiri hii nimekaa. Mwanga umeingia, vipande vinne, palepale. Nainama, na paji langu laishia hewani, shibiri moja juu ya magoti. Kipande cha tatu kiko chini, kimetandikwa, hakina mtu.

Natoa salamu kulia, natoa kushoto. Jua linashuka upande wa vilima vya Ngong, na mwanga unanipanda polepole: vifundo vilivyovimba, magoti, mapaja. Sasa uko mapajani mwangu, mraba mmoja wenye joto.

Nimeufunika kwa viganja. Vivuli vya vyuma vya dirisha vimepita juu ya mikono yangu.